Hodi ya Tatu

Siku ya thelathini na saba ya kukaa kwangu katika nyumba ya Bi Shemsa, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti sakafuni namtia paka matone ya macho, mtu nisiyemjua alisimama mlangoni akasema hodi.

Sikuitika. Kidevu cha paka kilikuwa katika mkono wangu wa kushoto, na tone la jicho la pili lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya kichupa. Mtu yule akasema hodi tena, kwa sauti ileile, si ya juu wala ya chini, sauti ya mtu anayejua kwamba ndani mna mtu. Tone likaanguka pembeni, likapotelea kwenye manyoya. Mbili, nikahesabu moyoni. Nikaisubiri ya tatu. Hodi ni tatu, hilo kila mtu hulijua tangu utotoni. Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unageuka unakwenda zako, na hakuna anayemnunia mwenzake. Niliitaka ile ya tatu. Nilitaka aiseme, ikose jibu, aondoke.

Hakuisema. Nilimsikia akitua mzigo, akaketi barazani, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyefika. Hodi mbili zikabaki hewani kama mguu ulionyanyuliwa usiokanyaga.

Paka akachomoka mikononi mwangu. Hakukimbia, alikuwa mzee mno kwa kukimbia. Aligeuza macho yake yenye ukungu upande wa mlango, masikio yakalala nyuma, kisha akapanda sinki akapita dirisha la jikoni. Kwa dirisha lile anaweza kutoka, kurudi hawezi, nje ni juu mno kwa miguu yake. Aliniachia unyoya mmoja kwenye kidole. Niliupuliza bila kufikiri.

Jina la paka huyo ni Mwenyewe. Bi Shemsa ndiye aliyempa, na aliponieleza, siku ya kunikabidhi funguo, alicheka mpaka akashika meza. "Watu wakija watakuuliza, mwenyewe yupo? Nawe utawajibu bila kusema uongo: yupo, amelala." Nilicheka naye. Nilipobaki peke yangu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu niliona kwamba halikuwa jambo la mzaha. Nyumba ile ilikuwa haijawahi kukaa hata saa moja bila mwenyewe. Anayepita nilikuwa mimi.

Nieleze kazi yangu, maana wako wanaodhani haipo. Mimi ni mwangalizi. Kuna watu wenye nyumba na wanyama ambao wanataka kwenda mahali, na kuna sisi ambao hatuna mahali na tunataka kukaa. Orodha hutukutanisha. Nani anayeiandika Orodha, sijui. Huja barua, na ndani ya barua mna jina la mji, au kama mji hauna jina, kama huu, mna maelezo: mji wa tano baada ya mto, nyumba inayotazama mawio, paka mmoja, siku arobaini. Unakwenda. Unavaa kandambili ulizozikuta mlangoni. Unakunywa kwa kikombe ambacho mpini wake umelainishwa na vidole vya wengine, unalala kwenye bonde ambalo mwili wa mtu mwingine umelichimba katika godoro. Siku zikiisha gari linakuja saa sita mchana, unamwonyesha dereva barua inayofuata, unapelekwa. Ukilikosa gari, jina lako linafutwa. Aliyefutwa hana pengine pa kwenda. Angekuwa na pengine, asingekuwa kwenye Orodha tangu mwanzo.

Hii ilikuwa nyumba yangu ya kumi na saba. Nimemlea kobe aliyekwisha kuzika wenyeji watatu. Nimemlea samaki mmoja katika tangi kubwa kama chumba, akinitazama nikila. Nimemlea jogoo aliyekuwa akiwika kila alipoona mtu anataka kulia, na kwa hiyo katika nyumba ile sikulia. Katika nyumba ya tatu nilimkuta mwangalizi aliyenitangulia amekataa kuondoka. Alinifungulia mlango kwa uso mkunjufu akaniambia karibu, na nyuma yake, katika picha za ukutani, nikaona sura za wenyeji zimeanza kufifia na sura yake imeanza kujitokeza. Nilimuuliza jina lake, akalitafuta kwa muda, akaacha. Nadhani alikuwa na furaha. Mimi nilitoka pale bila kutua begi.

Ndiyo maana kila barua huanza kwa sharti moja: mwangalizi hasemi karibu. Neno hilo ni la mwenyeji. Mwangalizi akilisema nyumba humsikia, na ikishamsikia haimwachii.

Jaribu wewe kuishi bila neno hilo. Unadhani ni la mlangoni tu. Kumbe liko kila mahali, limejificha ndani ya adabu. Unampa mtu kikombe, linakuja. Unaanza kula na mtu anapita, linakuja. Mtu anakuambia asante, na kabla hujafikiri ulimi umeshajipanga. Hata gari linapokaribia unaogopa kusema liko wapi. Kwa miaka minne nimejibu asante za watu kwa kutikisa kichwa kama bubu, na najua katika miji kumi na saba wako wanaonikumbuka kwa jina moja: yule binti mwenye kiburi.

Lakini adhuhuri ya siku ile ya thelathini na saba, jua likiwa kali na mtu yule bado yuko barazani, nilishindwa. Nilimpelekea maji. Mlango ulikuwa wazi, kwa sababu nitakayoieleza, na yeye alikuwa ameketi ukingoni kabisa mwa baraza, miguu nje, kama anayeogopa hata kivuli cha nyumba kisimhesabu. Alikuwa mzee, kanzu safi lakini imechoka, begi la turubai kati ya magoti. Nikamnyooshea kikombe bila neno.

"Mwenyewe yupo?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa nikiwa sina jibu la Bi Shemsa. "Ametoka," nikasema.

"Wewe nani wake?"

"Mwangalizi."

"Ah." Akanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo. "Basi tuko wawili. Kibwana jina langu. Asante, mwanangu."

Neno lilifika mpaka kwenye meno. Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya chumvi, nikatikisa kichwa. Mzee Kibwana akatabasamu, kwa huruma nadhani, akasema kwamba anaufahamu sana ugonjwa huo wa shingo.

Sasa mlango. Siku aliyoondoka, Bi Shemsa alikwisha kuvuka kizingiti na begi lake alipogeuka akasema anataka ahadi moja ambayo haimo katika barua. "Mlango haufungwi Mwenyewe akiwa nje. Wala hauachwi wazi bila mtu. Ni hilo tu." Kuna mwangalizi mmoja, akasema, aliwahi kumfungia. Paka alikaa nje siku tisa, vumbi likamwingia, macho yakaharibika ndipo yakawa vile. Alisema haya bila hasira, huku akinitazama kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. Nikasema naahidi. Ilikuwa ahadi ndogo, nyepesi, kama kuahidi kuzima taa ukitoka.

Kwa hiyo jioni ile paka hakurudi, na mlango haukufungwa. Wala kesho yake. Mzee Kibwana alikuwa barazani na mimi nilikuwa kwenye kiti ndani, hatua sita kutoka kwake, kati yetu hakuna kitu isipokuwa kizingiti. Angeweza kuingia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba angeweza na haingii. Mwizi angenitisha kidogo kuliko huyu, mwenye adabu ya kuning'iniza hodi mbili na kuitunza ya tatu mfukoni. Kila asubuhi jua lilipochomoza mbele ya nyumba, kivuli chake ndicho kilichoingia. Kivuli hakibishi. Kililala sakafuni kikafika mguu wa meza, kikapanda, kikakaa juu ya sahani ya paka, na mimi nikasogeza sahani. Kuelekea adhuhuri kilijikunja polepole kikamrudia.

Mtu yuko wapi. Ndivyo tunavyoulizana, kabla hata ya kuulizana mtu ni nani. Uko wapi siku hizi. Mama yangu, kwenye simu, hakuniuliza kamwe nafanya nini. Aliniuliza niko wapi, na kila nilipomtajia mji mpya aliurudia taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuniweka. Nilipohitimu chuo nilivaa joho la kuazima kwa saa tatu. Nilipigwa picha ndani yake, nikapewa cheti, nikalirudisha dirishani, na yule mama wa dirishani akalikagua mikono kama nimelichafua kwa matumaini. Tangu siku ile sijavua joho la kuazima. Nilikuwa na imani, na bado ninayo, kwamba mtu hahitaji kumiliki kitu ili awe mwema kwacho. Kwamba unaweza kukipenda chungu cha mtu, paka wa mtu, dirisha la mtu, ukakiacha kizima ukaondoka, na huko kuondoka kukawa namna ya upendo. Naiamini sana. Lakini kuna swali linalonifuata kutoka nyumba hadi nyumba, na halibishi hodi. Mtu ambaye hana mahali popote anapoweza kumwambia mwenzake karibu, je, yupo? Au anapita tu, kama mwanga wa gari ukutani?

Yupo. Hayupo. Kandambili hizi ni za nani. Kikombe cha tatu kutoka kushoto. Matone mawili asubuhi, mawili adhuhuri, usiyasahau. Siku ya thelathini na nane, au ya thelathini na tisa? Saa tano za ukutani za Bi Shemsa, kila moja ina wakati wa mji mwingine, na hakuna hata moja yenye wakati wa hapa. Picha ya familia ukutani, juu ya meza: watu sita wamesimama, kati ya wa nne na wa tano pana nafasi. Ilikuwapo jana? Ilikuwa nyembamba. Leo anaweza kupita mtu. Usiitazame. Jicho lake la kushoto ndilo baya zaidi, tone lilimwagika. Amekwenda na tone moja. Amekwenda na tone moja tu.

Jirani yetu wa mbele anaitwa Bi Mosi, mwanamke anayesuka mikeka, ambaye uani kwake ukili wa rangi tatu huanikwa kila siku. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Siku ya thelathini na nane alikuja mpaka katikati ya njia, akasimama mikono kiunoni, akamtazama Mzee Kibwana, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kizee huyu akikaa siku moja zaidi atamwanika pamoja na ukili wake. Mzee Kibwana akamjibu kwamba atashukuru, lakini asimpake rangi ya zambarau, haimpendezi. Bi Mosi akacheka bila kutaka. Kisha akaniambia kwamba paka wetu amepandia pipa na ukuta wa ua wake, yuko juu ya paa lake tangu jana.

"Amekaa tu anatazama mlango wenu," akasema. "Kama mtu anayesubiri foleni ipungue."

Nilikwenda. Bi Mosi alikaa kwenye kiti changu kushika mlango wakati nikipanda ngazi yake, maana nilimwambia hauachwi bila mtu, naye akasema watu waliosoma wana mambo. Mwenyewe alikuwa pale, amejikunja kwenye kona ya bati, jicho la kushoto limegandana kabisa. Nilimwita. Aligeuza kichwa kufuata sauti yangu, akanyanyuka, akapiga hatua mbili kunielekea. Kutoka chini, barazani, Mzee Kibwana akakohoa. Paka akarudi nyuma upesi, akaruka kwenye paa la pili ambako ngazi haifiki. Bi Mosi alimtegea dagaa. Hakuwagusa. Bila mkono wa kumlisha na bila dawa, kwa umri wake, nilimhesabia siku mbili. Labda tatu.

Na mimi nilikuwa na siku mbili. Siku ya arobaini, saa sita, gari. Bi Shemsa alikuwa amesema atarudi jioni ya siku hiyohiyo. Kwa kawaida ni rahisi: unamlisha mnyama, unafunga mlango, unaweka ufunguo chini ya chungu, unakwenda, na nyumba inakaa saa chache na mwenyewe wake akilala. Lakini wenyeji huchelewa. Nimewaona waliosema jioni wakarudi baada ya mvua mbili. Nimemwona mmoja aliyerudi akiwa kijana kuliko alivyoondoka, akaniuliza nimefuata nini kwake. Na barua yangu inayofuata, ambayo ilikuwa imefika tayari na niliilalia chini ya mto, ilikuwa ya nyumba niliyoitamani tangu nianze kazi hii: nyumba ya kilimani, punda mmoja, muda usiojulikana. Muda usiojulikana. Waangalizi wenzangu wanajua uzito wa maneno hayo mawili. Hayaandikwi kwa mtu zaidi ya mara moja.

Siku ya thelathini na tisa Mzee Kibwana alinipa njia ya kutoka. Aliongea akitazama barabara, taratibu, kama anayezungumza na begi lake. Alisema ameona nisivyolala. Alisema anajua gari linakuja kesho. Alisema yeye naye ni mwangalizi, wa zamani, amefutwa, na tangu afutwe hajaingia ndani ya nyumba yoyote, kwa sababu aliyefutwa hawezi kuingia bila kukaribishwa na wenyeji hawamwoni anapobisha kwenye milango yao wenyewe. Mimi nilimwona. Kwa hiyo nimwambie neno lile moja tu. Ataingia, ataketi kwenye kiti changu, atashika mlango mpaka paka arudi, nami nitakwenda kwa punda wangu.

"Na nyumba ikinisikia?" nikamuuliza.

"Utakuwa umeshapanda gari, mwanangu. Itamsikia nani?"

Nilitaka, sitasema uongo. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani safi, nikarudi, nikafungua mdomo. Juu ya paa la pili Mwenyewe alikuwa ameketi anatutazama, au ameuelekeza uso wake kwetu, maana sijui alikuwa anaona nini. Nikafunga mdomo. Nikamwambia Mzee Kibwana nitamjibu kesho. Akaitikia haya, kwa adabu yake, na hodi ya tatu ikalala barazani usiku mwingine.

Asubuhi ya arobaini nilifunga begi langu nikaliweka kizingitini, nusu ndani nusu nje. Kivuli kiliingia kama kawaida, kikafika mguu wa meza. Nilikaa kwenye kiti changu nikamuuliza Mzee Kibwana swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza. Nilimuuliza alifutwa kwa nini.

Angeweza kudanganya. Nilitamani adanganye. Alizungusha kikombe changu cha maji mikononi muda mrefu.

"Upepo," akasema. "Ulikuwa unaingiza mchanga. Mchanga kwenye godoro, mchanga kwenye chai. Nikasema niurudishie kidogo tu, nitausikia akija. Nikalala." Akakitua kikombe. "Niliamka siku ya tisa."

"Mlango upi?"

Hakuunyooshea kidole. Aligeuza shingo tu, akautazama mlango niliokaa ndani yake, ubao wake, kitasa chake, mikwaruzo ya chini ambayo kwa siku arobaini nilidhani ni ya uzee. Nikaitazama. Ilikuwa mikwaruzo ya kucha, mistari minne minne, na ilikuwa nje tu.

Nikamwambia haiwezekani, Mwenyewe ana miaka kumi na minne na yeye anaonekana kama amebeba begi lile miaka hamsini. Akasema kwa walio ndani ni kumi na minne. Huko nje, akasema, miaka haihesabiki hivyo. Akasema hakuja kuchukua nyumba. Amekuja kumshikia paka mlango mara moja, vizuri, mpaka mwisho, ili aweze kusema kwamba aliwahi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kukunjamana, na mimi nilimpenda, kama nilivyompenda kobe na samaki na hata mtu yule wa nyumba ya tatu. Na palepale nikaelewa jambo ambalo Bi Mosi alikwisha kuniambia bila yeye kujua. Foleni ipungue. Paka hakuwa amepotea. Alikuwa anasubiri mtu mmoja aondoke mlangoni.

Basi hesabu ilikuwa hii, na niliirudia mara nyingi nikiomba itoke vingine. Nikiondoka mimi na kumwacha Mzee Kibwana ameshika mlango kwa moyo wake wote, Mwenyewe hatakuja kamwe; atafia juu ya bati akiutazama mlango ulio wazi. Ni lazima aondoke yeye. Lakini yeye hana pa kuondokea. Aliyefutwa hawezi hata kufukuzwa, maana utamfukuzia wapi?

Gari lilifika. Tulilisikia kabla ya kuliona, likaingia njiani likasimama mbele ya ua wa Bi Mosi, vumbi likaupita ukili wake naye akamtukana dereva kwa upole. Dereva hakushuka. Alipiga honi mara moja. Kivuli cha Mzee Kibwana kilikuwa kimeshatoka ndani chote, kimebaki duara dogo miguuni pake. Dereva akapiga honi ya pili.

Wote wawili walikuwa wamebisha mara mbili.

Niliinuka. Nikafungua begi langu, nikatoa barua. Nikasimama kizingitini, nikaona Mzee Kibwana ananitazama usoni kwa mara ya kwanza kama anayejua, na pengine alikuwa anajua. Aliinuka naye, akanyoosha kanzu, akaweka mkono kifuani.

"Hodi," akasema.

Ya tatu. Ilikuwa ndogo, imepauka kwa kutunzwa.

"Mwenyewe hayupo, mzee," nikamwambia. "Na hatakuja wewe ukiwa hapa. Anakusikia ukikohoa."

Sijawahi kumwambia mtu neno gumu kuliko hilo. Aliinamisha kichwa akalipokea, na nikashangaa kuona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Akasema hajajibiwa hodi siku nyingi sana. Nikamshika mkono nikaiweka barua ndani yake, nikamkunjia vidole. Nilimweleza kwamba ni nyumba ya kilimani, punda mmoja, muda usiojulikana. Nilimweleza kwamba barua isiyotumika leo kesho ni karatasi, na kwamba mimi leo nimeshikwa na mlango. Akasema ina jina langu. Nikasema dereva hajui sura, anajua jina tu.

"Jina lako nani?" akauliza, na ilikuwa aibu kwamba kwa siku tatu sikuwa nimemwambia.

"Sikudhani."

"Sikudhani," akarudia, akaliweka mdomoni kama tende. "Na wewe utabaki na lipi?"

Dereva alikuwa ameweka kiganja juu ya honi. Mzee Kibwana akalichukua begi lake la turubai, akashuka ngazi moja, akavuka vumbi, na nilimsikia dereva akiita jina langu kutoka kwenye karatasi na sauti ya mzee ikiitika, ndiye mimi, kwa unyenyekevu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Akageuka kabla ya kupanda.

"Asante, mwanangu," akasema.

"Karibu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Miaka minne, nyumba kumi na saba, ulimi umeumwa mpaka una makovu, na likatoka wakati hakuna anayeingia. Nilifunika mdomo. Nyuma yangu nilisikia mbao za dari zikilia kidogo, moja baada ya moja, kama zinavyolia jua linapozipasha, na saa tano za ukutani zikagonga, zote pamoja, wakati mmoja. Gari liliondoka. Bi Mosi alikuwa amesimama na ukili mkononi, akanitazama, akatazama nyumba. Kisha akaniamkia. Yeye, mkubwa wangu kwa miaka thelathini, aliniambia habari za nyumbani, kama anavyoambiwa mtu mwenye nyumba.

Niliketi chini, juu ya kizingiti chenyewe, mgongo kwenye fremu na mguu mmoja nimeuegemeza mlangoni usipigwe na upepo. Upepo ulikuwa umeanza. Uliingiza mchanga, ukaupeleka mpaka chini ya meza, ukauweka katika chai yangu. Sikuinuka. Niliwaza kilima. Niliwaza punda, masikio yake, namna ambavyo ningemsugua kati ya macho. Nilijaribu kulisema jina langu nikaona limeshafika mbali, liko barabarani, linavuka mto. Jioni ilikuja bila Bi Shemsa. Sikumshangaa.

Alikuja Mwenyewe. Kwanza nilimsikia akitua juu ya pipa la Bi Mosi, kishindo kizito cha paka mzee, kisha nikamwona anavuka njia, mwili mwembamba, jicho limeganda, akifuata ukuta kwa masharubu. Alifika barazani. Alipanusa pale alipokuwa ameketi Mzee Kibwana, akapanusa sana, akaacha. Akauruka mguu wangu akapita ndani bila kubisha, kama wanavyopita wenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye sahani iliyojaa mchanga, akageuka akanililia.

Nikauvuta mguu, nikaingia, nikafunga mlango. Ulifunga kwa urahisi. Nikapita chini ya picha bila kuitazama, nikachukua kichupa, nikapiga magoti, nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, nikamtia tone alilokuwa ananidai tangu siku ya thelathini na saba.